Nyuzi za Shoto

4 Februari

Mkwe wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na naomba zikukute mzima, wewe na dada yako aliyekukaribisha. Mimi mgongo unasumbua kidogo, ila bado nainama kushona masofa ya watu na kuinuka mwenyewe, kwa hiyo najihesabu mzima. Nakuandikia kama tulivyokubaliana, maana kwenye simu tunaishia kulia wote wawili na hakuna linalosemwa.

Ulipoondoka uliniachia gitaa la Shoto. Kwanza nilidhani umelisahau, kisha nikaona umelifuta vumbi na kulilaza kitandani, nikajua umeliacha makusudi. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nalipita bila kuliangalia. Juzi nikalishika.

Nimeamua kujifunza. Usicheke. Tangu ile ajali iliyomchukua mwanangu, nyumba imekuwa kimya kiasi kwamba nasikia friji ikijiwasha. Nimechukua kile kijitabu chake chenye michoro ya vidole, nikaweka kidole kila palipo na nukta, nikapiga. Ikatoka sauti ya kiti kinachoburutwa sakafuni. Jirani yangu wa ukutani, yule mwalimu mstaafu, alikuja kuuliza kama nahamisha makabati.

Ninachotaka ni kimoja tu. Ule wimbo wa bluzi aliokuwa anaupiga jioni pale kizingitini, wa kwake mwenyewe, usio na jina wala maneno. Hakuurekodi popote, nimewauliza rafiki zake wote. Mimi nilikuwa ndani naoga au nasikiliza taarifa ya habari, nikijua kesho ataupiga tena. Wewe ndiye uliyekuwa umekaa naye. Sasa umebaki kichwani mwako peke yako. Nisaidie niupate kabla haujapotea, maana ukipotea huo sijui nitakuwa nimebaki na nini chake.

Vidole vinawaka moto. Naishia hapa.

Baba mkwe wako


19 Februari

Baba mkwe,

Shikamoo. Mimi kiafya sijambo. Kwenye duka la dawa nasimama kutwa na miguu inavimba, lakini ni afadhali kuliko kukaa na mawazo. Dada anakusalimu. Huo mgongo uukande, na usibebe makochi peke yako, nakujua.

Baba, nimecheka mpaka mteja akaniuliza kulikoni. Tatizo si vidole vyako. Lile gitaa limegeuzwa! Mwanao alikuwa mashoto hadi jina mkampa, sasa ulidhani gitaa angelipiga kwa mkono gani? Nyuzi alizipanga kinyume, ule mnene ukilishika wewe unakuwa chini. Na kijitabu ni cha watu wa kulia, kwa hiyo alikuwa anakisimamisha mbele ya kioo cha kabati letu, anaisoma michoro humo kiooni. Hukuwahi kumwona? Lipeleke kwa fundi redio wa pale kona, si anauza na nyuzi? Azitoe zote, akufungie za kulia. Ni kazi ndogo.

Kuhusu wimbo, nitajaribu. Mimi sijui kupiga, najua kusikiliza tu. Aliniambia bluzi ni mtu anayelalamika. Anasema neno lake, anaona hakuna aliyemsikia, analirudia vilevile, halafu anajijibu mwenyewe. Na wa kwake ulikuwa hivyo. Anaanza na uzi mnene, kwa kidole gumba, polepole, kama mtu anayepanda ngazi akiwa amechoka. Lakini kabla ya hapo mguu unagonga sakafu. Nikiwa jikoni nilikuwa nausikia ule mguu kwanza, naacha ninachofanya, natoka kwenda kukaa naye.

Leo niishie hapo, nisije nikalowesha karatasi.

Mkweo


2 Machi

Mkwe wangu,

Marahaba, na pole na kazi. Hiyo miguu iinue ukutani ukirudi nyumbani, hata kama dada yako atakushangaa. Mimi mgongo umenipa likizo, sasa tatizo ni dole gumba, nitakueleza.

Nililipeleka kwa fundi redio. Akachukua koleo, akataka kukata. Nikampokonya gitaa mbele ya wateja wake, akabaki ameshika koleo hewani. Sasa anawaambia watu kwamba mzee wa masofa ameanza kuchanganyikiwa.

Nikwambie nilichokiona. Pale juu, kwenye vigingi vya kukazia, ncha ya kila uzi imefungwa fundo. Fundi redio anasema hajawahi kuona mpiga gitaa akifunga hivyo, wengine huzungusha tu basi. Lile ni fundo la kufungia springi za sofa, mkwe wangu. Unazungusha, unapitisha chini, unavuta hadi linajikaza lenyewe. Nilimfundisha mimi pale karakana, akiwa hajafikia urefu wa meza, na kila sofa tulilofunga pamoja lina mafundo hayo tumboni. Ila masofa yako kwa watu. Haya ya kwenye gitaa ndiyo niliyobaki nayo mimi, na aliyafunga kwa vidole vyake. Yakifunguliwa, basi.

Kwa hiyo nyuzi sibadilishi. Nabadilisha mikono. Najifunza ushoto ukubwani! Napiga mswaki kwa kushoto, nakoroga chai kwa kushoto, kazini nagonga misumari kwa kushoto na dole gumba limekuwa la rangi ya bilinganya. Jana nikajaribu kukata kitambaa, mkasi ukawa unatafuna badala ya kukata. Kumbe hata mikasi ina mkono wake. Mtoto yule alikata na mkasi huo miaka yote, akimaliza ananyoosha vidole vyake na kuendelea, wala hakusema kitu.

Kijitabu nimekisimamisha mbele ya kioo chenu. Nikiinua macho namwona mzee mmoja mwenye gitaa, tunapeana pole. Endelea kuniambia, naandika kila neno kichwani.

Baba mkwe wako


21 Machi

Baba,

Shikamoo, na pole ya dole gumba. Lichovye kwenye maji ya chumvi ya uvuguvugu, na tafadhali nyundo irudishe mkono wa kulia kabla hujabaki bila vidole vya kupigia.

Barua yako niliisoma nimejifungia stoo, katikati ya maboksi. Lile fundo nalijua. Alikuwa anafungia kila kitu nalo, mifuko ya taka, kamba ya nguo, hata viatu vyangu siku moja tukachelewa harusini kwa sababu sikuweza kuvivua nivae vya harusi. Nilimnunia njia nzima. Baba, natamani kununa tena namna ile.

Haya, wimbo. Anaposema mara ya pili kuna pahali uzi unalia, unapanda taratibu bila kukatika. Ile si kazi ya kidole. Ni kichupa cha kioo cha vidonge nilichomletea kutoka kazini, alikuwa anakivaa kidoleni na kukiteleza juu ya nyuzi. Kitafute kwenye koti lake la kijivu, mfuko wa ndani. Usibonyeze kwa nguvu, alisema kichupa kinatakiwa kiguse tu.

Jibu lake, ile sehemu ya mwisho, nitakuandikia siku nyingine. Usiniharakishe.

Mkweo


9 Aprili

Mkwe wangu mpendwa,

Natumai u mzima. Mimi mzima, dole limepona kwa maji yako ya chumvi.

Kichupa nilikikuta palepale ulipoelekeza. Lile koti sikuwa nimelishika. Bado lina harufu yake, nikakaa nalo mapajani hadi chai ikapoa. Kisha nikavaa kichupa, nikateleza. Uzi ukalia! Mwalimu mstaafu aligonga ukuta, nikadhani ananifokea, kumbe anasema, "Hapo hapo, mzee, rudia hapo!"

Sasa neno la kwanza ninalo. La pili ninalo, na kichupa chake. Mkono wa kushoto umeanza kuwa na adabu. Nakaa kizingitini jioni, nagonga mguu, naanza, nafika kwenye jibu, nasimama. Nimejaribu kubuni, linatoka la kwangu, si la Shoto. Tafadhali nipe hilo jibu. Kama ni gumu kuandika, njoo siku moja tu, au nipigie simu uniimbie kwa pua. Nitajitahidi nisilie.

Uzi mwembamba kuliko zote umekatika. Fundo lake halikufunguka, nimeliacha palepale kwenye kigingi.

Baba mkwe wako


30 Mei

Mkwe wangu,

Salamu nyingi. Sijui kama barua yangu ilifika, maana naona kimya. Kama unaumwa, mwambie dada yako aniandikie hata mstari mmoja.

Uzi wa pili umekatika. Napiga na hizo zilizobaki. Naogopa zitaisha kabla sijalipata lile jibu. Kama nilikukwaza, niambie nilikukwaza wapi.

Baba mkwe wako


22 Juni

Baba,

Shikamoo. Siumwi, na barua zako zote mbili zilifika. Nisamehe kwa kimya. Nimeanza barua hii mara nyingi na kila mara mteja ananiokoa.

Kuna mtu, baba. Ni dereva anayeleta dawa dukani kwetu. Alifiwa na mkewe, hivyo hanishangai nikinyamaza ghafla katikati ya maneno. Ameniomba nimuoe, yaani, anioe, unaona hata kuandika siwezi. Nami moyo wangu umekubali, kisha unaona aibu kwamba umekubali.

Kila barua yako ikija narudi pale kizingitini. Namsikia, namwona vidole, nawasha jiko niwapikie nyote wawili. Dada ananiita mara mbili tatu sisikii. Halafu namaliza kusoma na yeye anakufa upya. Siwezi kuendelea hivi, baba. Na kuacha kukuandikia nako siwezi.

Sasa nikwambie kuhusu jibu. Halipo. Kila jioni alisema neno lake, akarudia, akafika hapo, akaweka kiganja juu ya nyuzi zikanyamaza, akacheka. "Hili nitalimalizia kesho," anasema, tunaingia kula. Hakuwahi kulimaliza. Niliogopa kukwambia. Niliona ukishajua hakuna kingine cha kuniuliza, hutakuwa na sababu ya kuniandikia, na mimi wazazi wangu hawapo, unajua. Nikawa nakupa kidogo kidogo ili usiishe.

Hatukupata mtoto wa kunifunga na wewe. Nikiolewa na huyu, nitakuwa nani kwako? Sitamjibu kabla hujanijibu. Ukisema hapana, nitamwambia hapana, na sitakulaumu.

Mkweo, kwa sasa


14 Agosti

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima. Nimechelewa, nisamehe.

Hii naandika kwa kushoto, ndiyo maana mistari inapanda kama mlevi. Mkono wa kulia ulishaandika barua nyingine. Kurasa tatu. Mkono ule unajua maneno mengi. Ulikukumbusha kaburi bado bichi. Ulikwambia mzee nimebaki peke yangu. Nikaisoma asubuhi, nikaichana.

Kushoto ni kuzito. Kila herufi lazima niitake kweli.

Niliumia kusikia jibu halipo. Nililia kama mtoto, kwa sauti, mwalimu akaja akakaa nami. Nilidhani mwanangu ameniachia wimbo mzima na umeushika wewe. Kumbe sote tulikuwa tunamngojea yeye.

Jana jioni nilikaa kizingitini. Nyuzi nne zimebaki. Nikagonga mguu. Nikasema neno la kwanza, nikalirudia na kichupa. Nilipofika pale sikuzinyamazisha. Nikajibu. Jibu si la Shoto, ni la kwangu, na lina makosa. Huwezi kulisikia kwenye karatasi, kwa hiyo nakuandikia maneno yake.

Mke wa Shoto anaondoka nyumbani kwangu.

Mke wa Shoto anaondoka nyumbani kwangu.

Binti yangu anaolewa, na baba yake ni mimi.

Nitajieni siku. Nitakuja na gitaa, na huyo dereva mwambie asinisaidie kulibeba.

Baba yako