Soketi ya Chumbani kwa Baba

S.L.P. 88,
Migori.
14 Oktoba, 1997.

Mpendwa wifi Bhoke,

Pokea salamu zetu sote wa hapa Migori. Hali yako huko Mombasa? Kile kikohozi kimekuachia, au bado kinakusumbua usiku? Sisi ni wazima. Nyarangi wetu ameanza kutembea, kila kitu kilicho mezani ni chake. Kule nyumbani Kehancha nasikia mvua imenyesha vizuri.

Salamu zimetosha, sasa nisikilize, maana nimejaa. Kaka yako yuko Kegonga anafundisha hadi mwisho wa mwezi na sina mwingine wa kumwambia.

Ile friji uliyotutumia kwa ajili ya dawa ya Baba ilizimika wiki iliyopita. Taa zinawaka nyumba nzima, friji imekufa. Nikachomeka pasi kwenye soketi ile ile ya jikoni, ikabaki baridi. Nikachomeka redio, kimya. Nikabadilisha fyuzi ya plagi, wapi!

Nikamwita fundi mmoja wa hapa sokoni, anaitwa Gichana. Hata testa ya kupimia stima hakutoa. Alisema soketi imechoka, akafunga mpya, akaondoka akipiga mluzi. Nikachomeka friji: hakuna kitu. Wifi, nilitamani kumkimbilia nimrushie ile soketi kuukuu mgongoni.

Insulini nikaiweka ndani ya chungu chenye maji, nikafunika na kitambaa kibichi, maana jua la huku unalijua. Lakini Baba akazidi kudhoofika. Anakunywa maji kama ng'ombe, miguu inamwasha, macho yanaona ukungu. Nikalia peke yangu jikoni. Nilidhani dawa imeharibikia mikononi mwangu, na nyinyi watoto wake mtaniuliza.

Ndipo nikapata fundi mwingine, Jared, mtu wa Homa Bay. Huyu alianzia kwenye meni swichi, ile kubwa ya nyumba nzima, akaja jikoni, akagusa waya kwa testa, akatikisa kichwa.

"Mama, stima haifiki hapa kabisa," akasema. "Kuna soketi nyingine?"

"Iko moja tu, chumbani kwa mzee."

"Basi waya unapitia huko kwanza. Shida iko huko."

Huko! Nawe unajua mke wa mwana havuki mlango wa chumba anacholala baba mkwe. Nikasimama nje nikamwomba Baba amruhusu fundi. Akakataa.

"Mimi sina haja ya stima. Nina tochi," akajibu kutoka ndani.

"Baba, ni friji ya dawa yako."

"Mwambie atengeneze jikoni. Friji iko jikoni, haiko kitandani kwangu."

Siku hiyo Jared akaenda bila kufanya kitu. Kesho yake akarudi, na Baba akakataa tena. Na kupitia ule mlango nilikuwa nasikia harufu kama ya kitu kinachoungua. Nilipouliza, akasema ni koti lake la zamani linalonuka tumbaku. Heshima ikanishinda, wifi. Nikapaza sauti, jirani wakasikia. Nikamwambia asipofungua, nitazima meni swichi, nifunge mizigo, nimchukue mtoto nimfuate mwanawe Kegonga, abaki na tochi yake.

Halafu komeo likalia. Akatoka na fimbo yake, akanipita bila kunitazama, akaenda kukaa uani.

Jared akasogeza kitanda akaniita nisogee mlangoni nione kwa mbali. Soketi ilikuwa nyeusi kama mkaa, plastiki imeyeyuka, na ukingo wa godoro umebabuka. Chini ya soketi kulikuwa na jiko dogo la stima la koili, sufuria, majani ya chai, na mfuko wa sukari nusu. Sukari, Bhoke! Ndiyo maana dawa ilikuwa haifanyi kazi. Mtu aliyekatazwa hata ndizi mbivu alikuwa anajipikia chai humo ndani, mpaka waya ukaungua. Tungeweza kuamka ndani ya moto sisi sote, na Nyarangi.

Nikamfuata uani. Nilikuwa na maneno mengi. Alinitangulia.

"Marehemu mama yake Bhoke alikuwa ananiwekea vijiko vitatu," akasema, akitazama chini. "Jioni tulikuwa tunakunywa pamoja. Hapa kila mtu ana kazi."

Nilirudi ndani nikamshikia Jared taa nikiwa mlangoni.

Sasa soketi yake imezibwa kabisa, waya mpya umepitishwa, na friji inanguruma. Zahanati walisema dawa haikuwa na kosa. Lakini bado nina hasira, sikufichi. Aliniomba nisikuandikie. Nakuandikia ili wewe binti yake umwandikie, umkanye, maana maneno yangu yana mpaka. Na ukipata likizo, uje.

Jana jioni aligonga mlango wa jikoni kwa fimbo, akaitisha chai. Nikamwekea bila sukari, nikajimiminia na yangu, nikakaa upande wa pili wa uani. Akaonja, akakunja uso. "Haya ni maji ya kuoshea vyombo," akasema. Lakini hakuinuka mpaka kikombe kikaisha, na mimi nikaacha ugali uungue.

Nisalimie mumeo na shangazi Bonareri. Mungu awafunike na kuwalinda huko mliko.

Ni mimi wako akupendaye, hata nikikasirika,

Damaris.