Nusu Mbili za Kitabu cha Baba

Wanangu,

Chai iko kwenye chupa. Pigeni pasi nguo zenu. Nimetangulia mochwari kumvisha baba yenu.

Asubuhi mmenyang'anyana kitabu chake cha nyimbo, kila mmoja anataka aongoze yeye kaburini, mpaka kimechanika katikati. Jumapili mlishiriki meza moja ya Bwana! Leo hakuna aliyesema, "Imba wewe, dada." Wala, "Imba wewe, mdogo wangu."

~~Msije.~~ Njooni saa nne, pamoja.

Ule wimbo alioupenda baba yenu umekatika: beti mbili ziko kwa mkubwa, mbili kwa mdogo. Aliyeujua wote kwa kichwa ni yeye tu. Msipoachiana, atazikwa kimya. Mimi sauti sina tena.

Gundi iko kwenye droo ya cherehani.

Mama yenu