Jina la Mtia Makaa

Jumatatu, 3 Machi
Baba mkubwa kaja na amri yake! Mtoto wangu asipewe jina la baba yake Bibi. Jina la mtoro halirudi katika ukoo huu, ati. Alipanda meli kutia makaa kwenye tanuri, akashukia bandari ya mbali, akaoa huko – ndivyo tulivyolishwa tangu utotoni. Nani alimwona? Hakuna! Na Bibi alikuwa pale pale, anamenya viazi. Mama yake mzazi, halafu anamtukania baba mbele yake!

Miezi minane nimebeba tumbo hili. Jina nitatoa mimi.

Jumatano, 5 Machi
Nimeomba ruhusa shuleni ninakofundisha. Chumba cha nyaraka za bandari – vumbi, chafya. Mtunza nyaraka mpole, ila analamba kidole kila akifunua ukurasa. Tumempata! Orodha ya mabaharia, meli ya mvuke, mtia makaa. Mbele ya jina: AMETOROKA.

Mtunza nyaraka akanipa pole, wengi walitoroka, eti kule chini kwenye tanuri kulikuwa jehanamu.

Sitaki pole.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeita majina darasani. Mmoja kimya. Nikaandika: hayupo. Baadaye mama yake akaja – mtoto kalazwa, homa. Nikabaki nalitazama daftari langu. Kwani mimi niliandika anaumwa? Niliandika hayupo, basi! Na karani wa meli je? Nanga inapanda, mtu hayumo, ataandika nini?

Nikampigia mtunza nyaraka hapo hapo. Akakiri: aliyekosekana meli ikiondoka aliandikwa mtoro, hata awe mahututi. Hospitali ya bandari alikoachwa je? Hajawahi kuulizwa. Basi nimemuuliza mimi! Ataandika barua pepe kwa wenzake wa huko.

Ijumaa, 14 Machi
Picha imeingia kwenye simu. Ukurasa wa hospitali ile. Jina lake, meli yake, kazi yake. Ameungua kwa mvuke. Kalazwa siku moja kabla meli haijaondoka. Wiki haikuisha, akafariki.

Nimelia kwenye choo cha walimu. Mtoro gani anatoroka kwa machela?

Jumamosi, 15 Machi
Nimemsomea Bibi. Kasema rudia. Nikarudia.

“Kwa hiyo hakunikimbia.”

Kisha akawaka! Mama yake alikufa akimlaani mumewe. Yeye mwenyewe hajamwombea baba yake hata mara moja, maisha yote haya. Nikataka kumkumbatia, akanisukuma – mambo ya kulia baadaye, mpigie mwanangu aje.

Nimepiga. Baba mkubwa kaja mbio, anadhani nimesalimu amri. Sasa hivi yuko mlangoni, hodi zake kama mdai kodi. Nimeinuka kufungua, Bibi kanishika mkono. Nisifungue kwanza. Nimtafutie meno yake, maneno haya hatayasema kwa ufizi.

Nipo chumbani kwake, naandika nimesimama. Meno haya hapa, kwenye glasi. Baba mkubwa anagonga tena.

Na agonge!