Kilomita Laki Sita na Mkwe Aliyezirudisha Nyuma

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumapili, kwa maana nimempa mtu mkono na moyo wangu umekataa kuufuata.

Mimi ni mzee niliyehama Murghab wakati wa vita, nikashukia hapa Gulcho na gari langu linalovuta kwa magurudumu yote manne, likiwa limembeba mke wangu, ambaye sasa ni marehemu, magodoro na mbuzi wawili, na tangu hapo limetembea kilomita laki sita na ushei, na sasa macho yangu hayauoni tena ukingo wa barabara, kwa hiyo niliamua kuliuza mwenyewe bila dalali, nikamtajia kila aliyekuja idadi ya kweli, na kila aliyekuja akacheka, kwa sababu hapa kwetu kila muuzaji hurudisha nyuma mita ya kilomita na kila mnunuzi anajua, basi akisikia laki sita anahesabu milioni mbili. "Mzee, hili limekwenda mwezini na kurudi!" aliniambia mmoja wao. Talant, mchungaji wa mifugo anayetaka gari la kuvushia watoto wake mlima wa Taldik kwenda malisho ya kiangazi, naye alicheka akaondoka.

Ndipo mkwe wangu Kenjebek, bila kunieleza, akairudisha mita hadi laki mbili. Talant alipopita tena alichungulia, akatabasamu: "Haya, mzee, sasa tunaelewana." Tukashikana mikono, tukaagana aje Jumapili na fedha achukue ufunguo, na alipokwisha kuondoka ndipo nikaiona mita.

Nilimgombeza Kenjebek. "Lakini baba," akasema, "yeye atazidisha mara tatu, atapata laki sita zako zilezile. Nimekusaidia kusema kweli kwa lugha anayoielewa."

Mshauri, nimesoma vitabu vingi na sikupata la kumjibu. Nikivunja mkono niliotoa, mimi si mtu. Nikinyamaza, watoto wale watapanda Taldik ndani ya uongo wangu. Nifanyeje?

Mzee wa Murghab

*

Mzee wangu, vuta pumzi. Ufunguo bado uko mfukoni mwako, kwa hiyo hujamdhulumu mtu.

Jibu la mkwe wako ni hili: Talant anaweza kuzidisha namba, hawezi kuzidisha klachi iliyochoka. Mwambie hivyo huyo mjanja, na airudishe mita mahali alipoikuta, leo hii.

Lakini nawe umenikera. Ulijua fika kwamba hapa namba haiaminiwi, ukaendelea kuitaja hiyohiyo kama dua. Ulikuwa unatunza heshima yako, hukuwa unamsaidia mnunuzi.

Mpigie Talant, umweleze lililotendeka. Mwambie aje na fundi wake, si wako. Mpe usukani apande Taldik bila watoto, wewe ukae kando yake, na kila kitakapolia kitu umweleze ni nini, ulikibadilisha lini, na kipi kitaanza kufa. Huko si kuvunja mkono. Tangu lini farasi akachukuliwa kabla ya kupandwa? Akilikataa huko juu, mwachie mkono wake bila kinyongo, mshuke mkanywe chai.

Na usiogope kumpigia. Wiki hii nimepokea barua nyingine kutoka Gulcho, ya mchungaji anayeniuliza amwombeje mzee anayemheshimu ruhusa ya kulijaribu gari mlimani, naye wameshapeana mikono. Nimemwambia asubiri simu.

Mama Burul