Upande wa Barabara Ambao Sikuupiga Picha

Suna, Migori, Jumapili tarehe tisa Machi. Asubuhi ilikuwa na manyunyu, kisha mawingu mazito yasiyoleta mvua.

Omondi, ndugu yangu,

Leo nimeshindwa kwenda kanisani. Nimefua, nimepanga vyombo, nikavipanga tena. Nikaona afadhali nikuandikie humu kwenye shajara, kwa sababu kuna jambo nimeliamua bila wewe na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine.

Kwanza habari za nyumbani. Baada ya mazishi tulikaa kule Rusinga kugawana vitu vyako, kama ilivyo desturi. Baba mdogo alichukua koti. Mama alitaka blanketi tu, lile la kujifunika miguu maumivu ya selimundu yalipokukamata, na hakuna aliyemnyima. Kisha Baba mdogo akauliza, "Na yale mabasi yake?" Watu wakacheka kidogo. Nikaeleza kwamba ulichukua gemu ya kuendesha mabasi, ukaiongezea barabara yetu yote kutoka Migori hadi Mbita, ukawapa watu bure. Akafikiria sana. "Sasa kitu kila mtu ako nacho, tunagawana aje?"

Kompyuta wakanipa mimi.

Unakumbuka tulivyoijenga ile barabara? Wewe safari ndefu zilikuwa zinakulaza wiki nzima, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa macho yako. Kila Ijumaa nikija nyumbani nilipiga picha dirishani: maduka, matuta, mbuzi. Ulinipokea mlangoni hata kabla ya salamu: "Nyaminwa, dada yangu, leta simu." Na siku zote nilikaa kushoto, kwa sababu kulia jua lilinichoma machoni. Kurudi huku ilikuwa usiku. Hivyo basi, kati ya Homa Bay na Mbita, upande wa kushoto wa mod yako, ile nyongeza ya gemu, ni wa kweli hadi rangi za milango, na upande wa kulia uliutunga kichwani. Watu wa huko walikucheka kwenye kundi la wachezaji. "Omera, ndugu, hapo ni kichaka tu, duka umetoa wapi?" Ukawajibu kwamba duka liko, wao ndio wanapita haraka.

Sasa jambo lenyewe. Wenye gemu walitoa toleo jipya, na mabasi yako yakaharibika. Magurudumu yanaelea hewani. Kundi limejaa malalamiko, wengine hawajui hata kwamba umefariki, wanakuandikia, "Bro, umelala?" Sikuweza kuwajibu. Rafiki yako Chacha ndiye aliyewajibu. Anaweza kutengeneza, lakini ni kazi ya miezi, na anataka iuzwe. Alinijia hapa akaniambia bila kuzunguka, "Dada, mimi pia nalipa nyumba. Omondi alikuwa ndugu yangu, lakini hiyo kazi inakula macho."

Najua ulichokuwa unasema. Barabara ni ya kila mtu, utaiwekeaje bei? Vijana wa migodini Osiri wanaocheza kwa kompyuta moja, watatoa wapi? Nilikuwa nakubishia na wewe unacheka. Nikibisha tena leo hakuna wa kucheka, ndiyo maana imenichukua muda.

Lakini, Omondi, ile bure yako ilikuwa na mlipaji. Bando nilinunua mimi. Mama alikukanda mikono ulipokesha ukichora paa moja la bati. Na wewe ulilipa kwa mwili, tena mwili usiokuwa na akiba. Watu walishukuru kwa vidole gumba vya kwenye simu, wakaomba basi lingine. Fundi wa viatu hapa Suna haambiwi kwamba kwa kuwa anapenda viatu, ashone bure. Nimemkubalia Chacha auze. Wenye gemu wanaruhusu, na amesema mwenyewe kwamba fungu litamfikia Mama. Ya zamani, yenye magurudumu hewani, itabaki bure kwa anayeitaka. Unikasirikie ukitaka.

Sharti nililompa ni moja. Chacha alitaka kurekebisha upande wa kulia, akasema wanaonunua watataka barabara ya kweli, akaniomba nimpigie picha. Basi Ijumaa iliyopita, nikienda kumwona Mama, kwa mara ya kwanza nilikaa kulia. Jua likanichoma. Nilishika simu tayari, nikangoja duka lako lenye mlango wa buluu, lile uliloliandika jina la Mama, lenye benchi nje. Nilijua halipo. Nililingoja tu.

Palikuwa na kichaka. Nyuma yake ziwa.

Simu nikairudisha mkobani. Sikupiga hata moja. Nilimwambia Chacha upande huo hauguswi, na anayelipa alipe na duka ndani yake. Akasema, "Sawa, dada."

Jioni hii ameniletea kipande alichokwisha kutengeneza, nijaribu. Nimeendesha polepole kama ulivyonifundisha, nikipanda matuta yote. Nimefika dukani nikasimamisha basi na kuzima injini. Kwenye benchi kuna watu wawili uliowaweka, mmoja amenyoosha miguu. Sikuwahi kukuuliza ni nani.

Lala, ndugu yangu. Nakuahidi duka halitavunjwa nikiwa hai.

Saa tano usiku. Nazima taa.