Sahani za Siku Arobaini

Aleksandria, 14 Novemba

Kwako Ami Shukri,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu. Natumaini goti limepoa, na Bi Ikbal bado anakunyima chumvi. Mimi ni mzima wa mwili. Tangu Mama afariki sijalia, na hata haya nayaandika kwa macho makavu.

Maabara ipo. Chai yako hakuna anayeiweza. Tunakunywa maji ya moto yenye rangi.

Bakteria wetu wa ghuba ya Abu Kir, wale wa kutoa mwanga gizani, bado hawawaki. Ulikuwa ukinitania kwamba kwa umbeya wamewashinda majirani zako: kila mmoja anamwaga harufu yake majini, na wakishajaa wakaisikia, wote wanawaka kwa pamoja. Walipozimika mwezi wa tano, mkuu wetu Dokta Tharwati alisema mbele ya watu kwamba mzee Shukri sasa hata chumvi na sukari hazitofautishi, amechanganya vichupa, hawa si wetu. Ukamjibu kwamba kwa miaka ishirini na sita hujawahi kukosea kichupa, kisha ukanitazama. Nikatazama sakafu. Wiki iliyofuata ukafukuzwa kazi.

Siku kumi na moja zilizopita tuliletewa majibu ya jenomu, urithi wao wote uliosomwa herufi kwa herufi. Ni walewale wetu. Jeni moja tu imekatika, ile ya kusikia. Harufu wanaitoa, ila hakuna anayeipokea.

Hukuchanganya kitu, Ami. Wewe ndiye uliyenifundisha kuanza upya kila Jumapili kutoka kwenye akiba ya bakteria wa asili iliyo kwenye friza, kwa sababu wakilishwa vizuri sahani hadi sahani hulegea, jeni wasizozihitaji hukatika, wakaacha kuwaka. Siku arobaini za msiba wa Mama sikulifungua friza hata mara moja. Nilichota sahani ya jana nikapandikiza ya leo, na kwenye daftari la maabara nikaandika kwamba nimetoa kwenye friza. Uliponitazama siku ile nilijua kosa ni langu. Sikuona hata aibu, na hilo linanitisha.

Jana nilimweleza Dokta Tharwati yote. Akasema nisichimbue yaliyopita, mzee ameshazoea kukaa nyumbani, na daftari nilichane.

Sikulichana. Nimelitia humu kwenye bahasha. Lipeleke popote utakapo, nami nitakuja kusema kwamba mwandiko ni wangu, na kwamba niliyoandika kuhusu friza ni uongo.

Nisalimie Bi Ikbal na wajukuu.

Ni mimi mwanafunzi wako,
Nashwa Abdelmoneim Sirgani