Nanga Chini ya Pima Sita

Makoongwe, Jumatano, Julai 1959

Nanga tuliipoteza juzi asubuhi. Shemeji Hamadi, nahodha wangu, aliitupa kabla hajafunga ncha ya kamba! Tumebakisha siku kumi na moja kuizunguka Pemba, na bila nanga safari imekwisha.

Leo maji yalipokupwa tuliiona. Pima sita, nimepima mwenyewe, lakini ilikuwa kama iko kiganjani. Mara samaki taa akapita juu yake, mpana kuliko mashua hii niliyoiunda kwa mikono yangu, taratibu, kama hatupo. Subhanallah. Nikasahau hasira zangu zote.

"Mwenyewe huyo," Hamadi akanong'ona. "Kapige hodi wewe, shemeji."

Mwili ungali unanisisimka. Lakini nanga ni nanga. Hamadi, najua daftari hili unalisoma: utazamia au huzamii? Nataka jibu kesho, kabla maji hayajaanza kujaa.